Je, wajua kwa nini birika la Dodoma huota gamba jeupe?

Binamu yangu alipokuja kutoka Tukuyu kukaa nasi wiki mbili Nkuhungu, hakulalamikia jua wala vumbi. Alilalamikia sabuni. Alitoka bafuni nywele zimenata kitu kama nta ya kijivu, akaniuliza, "Kaka, hii sabuni mmeuziwa feki?" Ilikuwa ni sabuni ileile ya mche anayoitumia kwao. Kesho yake asubuhi akafunua birika aweke maji ya chai, akakuta chini kuna tabaka jeupe limeganda, gumu, mithili ya ukoko wa wali uliogeuka jiwe. Akanitazama. "Na hili huwa mnaliosha?"

Tunaliosha. Tunalisugua kwa waya mpaka mikono inauma, na baada ya wiki mbili tatu gamba linarudi. Mama mwenye nyumba alikuwa uani anachambua mchele, akamjibu yeye: "Maji ya huku yana chumvi, mwanangu. Utazoea."

Hilo ndilo jibu la kila mtu Dodoma, na lina ukweli nusu. Ile nusu nyingine ndiyo tamu.

Chukua kijiko cha chumvi ya mezani, kitie kwenye glasi ya maji, koroga. Kimepotea. Lita moja ya maji inaweza kumeza zaidi ya gramu 350 za chumvi hiyo kabla haijashindwa. Sasa kwangua kipande cha gamba la birika, kitie kwenye glasi nyingine, koroga mpaka uchoke. Kitabaki palepale chini, kinakutazama. Gamba lile ni kabonati ya kalsiamu, ambayo lita nzima ya maji safi huyeyusha miligramu kumi na kitu tu, yaani chini ya punje chache za mchanga. Kama gamba lingekuwa chumvi ya mboga, lingeondoka kwa kusuuza mara moja.

Hapo linazuka swali: kama haliyeyuki, liliingiaje kwenye maji yanayotoka bombani yakiwa maangavu?

Liliingia kwa msaada wa hewa. Mvua inaponyesha hubeba hewa ya ukaa kidogo kutoka angani, kisha ikizama ardhini hukutana na nyingine nyingi zaidi, maana mizizi na vijidudu vya udongoni hupumua kama sisi. Hewa hiyo ikichanganyika na maji hutoa asidi dhaifu, ileile iliyomo kwenye soda. Asidi hiyo haikuunguzi ulimi, lakini ikipewa muda mrefu inakula mawe. Ikigusa kabonati ya kalsiamu huigeuza kuwa bikabonati, na bikabonati huyeyuka vizuri. Basi jiwe linasafiri ndani ya maji bila kuonekana.

Na Dodoma maji yana muda wa kutosha. Mji huu kwa miaka mingi umekunywa maji ya visima virefu vya bonde la Makutupora, kule Mzakwe, kaskazini mwa mji. Hayo si maji ya mto yanayopita mbio. Yamekaa chini kati ya udongo na miamba. Mawe ya huku mengi ni ya jamii ya matale, nayo yakioza taratibu huachia kalsiamu. Halafu mvua yetu ni ya msimu mmoja, na sehemu kubwa ya mwaka jua linanyonya unyevu ardhini na kuacha chokaa nyuma. Ukichimba shimo la choo maeneo mengi ya huku, utakutana na vibonge vyeupe vigumu ndani ya udongo. Ni ndugu wa gamba la birika.

Sasa washa jiko. Maji yanapopata moto, hewa ya ukaa inatoka, kama soda iliyoachwa juani. Bikabonati haiwezi kuishi bila hewa hiyo. Inavunjika na kurudi kuwa kabonati, na kabonati, tumeshaona, haiyeyuki. Inajishika mahali penye joto kali kuliko pote: chini ya birika, au kwenye koili ya hita. Ndiyo sababu koili za hita za kutumbukiza kwenye ndoo huvaa koti jeupe na kuanza kuchelewa kuchemsha. Gamba halipitishi joto vizuri kama chuma, kwa hiyo mkaa, gesi au umeme unapasha jiwe kwanza, ndipo maji yapate zamu.

Turudi kwa mama mwenye nyumba. Kwa lugha ya jikoni amekosea, maana gamba si chumvi ile ya kwenye kopo. Lakini kwa lugha ya maabara yuko sahihi kuliko anavyojua: mkemia huita chumvi karibu kila kitu kinachozaliwa asidi na besi, yaani kinyume chake, zinapokutana, na kabonati ya kalsiamu imo humo. Chumvi ya mezani nayo inaweza kuwemo kwenye maji hayohayo, na hiyo ndiyo unayoisikia ulimini. Tofauti ni kwamba hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Chemsha utakavyo, kadiri maji yanavyopungua ndivyo ladha inavyozidi kuwa kali.

Sabuni ya binamu yangu je? Sabuni ya mche hutengenezwa kwa mafuta na magadi makali ya sodiamu, na ina ncha mbili: moja inapenda mafuta, nyingine inapenda maji. Kalsiamu inapoikuta, inamfukuza sodiamu na kukaa mahali pake, na sabuni ya kalsiamu haiyeyuki. Inakuwa ule utando wa kijivu unaoshika kwenye beseni, kwenye kola ya shati jeupe, na kichwani kwa mgeni. Povu halitatoka mpaka kalsiamu yote ishibe. Ina maana sehemu ya kwanza ya kila mche unaonunua Dodoma unalipa kodi kwa maji, ndipo unapoanza kufua. Vitabu vya shule huyaita maji ya namna hii maji magumu. Ya Tukuyu, kwenye mvua isiyokatika, ni laini. Binamu alizoea povu la bure.

Kama huamini, subiri mvua ya kwanza ya Desemba. Kinga maji kwenye ndoo wazi, yasiyopita kwenye bati lenye vumbi. Jaza chupa moja maji ya mvua na nyingine ya bomba, weka vipande sawa vya sabuni, tikisa. Huhitaji maabara. Sabuni ya unga haisumbuki hivyo kwa sababu wenye viwanda huichanganya na vitu vya kukamata kalsiamu mapema, na kimojawapo ni kabonati ya sodiamu. Mgogo yeyote anayejua kupika mlenda ana kabonati hiyo jikoni kwake. Ni magadi.

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo wapishi walipowatangulia wanakemia. Mgeni akipika maharage kwa maji ya Dodoma anaweza kumaliza mkaa maharage yakiwa bado yanagonga meno. Ganda na nyama ya haragwe vinashikiliwa na gundi ya asili iitwayo pektini, na kalsiamu hupenda kuifunga gundi hiyo, ikaimarisha kile unachotaka kilainike. Tia kipande kidogo cha magadi. Magadi ni mchanganyiko wa kabonati na bikabonati ya sodiamu. Kabonati yake inaikamata kalsiamu na kuituliza chini kama unga mweupe kabla haijafika kwenye haragwe. Na kwa kuwa magadi ni alikali, yaani besi inayoyeyuka majini, yanailegeza pektini yenyewe. Maharage yanaiva. Mlenda nao unalainika na kuteleza zaidi, na rangi yake ya kijani inabaki hai.

Lakini mkono uwe mwepesi. Alikali huharibu vitamini B1, na ladha ya sabuni kwenye mboga haisahauliki. Pia magadi mengine hubeba floridi, ile inayotia meno madoa ya kahawia katika baadhi ya vijiji vya Singida na Manyara. Floridi usiichanganye na gamba. Haionekani, na kuchemsha maji hakuiondoi. Gamba lenyewe halina sumu. Kalsiamu yake ni ileile ya mifupa na maziwa. Vipande vinavyoelea kwenye chai vinaudhi tu.

Si kila ugumu unang'oka kwa kuchemsha, vilevile. Kalsiamu ikiwa imeletwa na jasi, inabaki majini hata yachemke vipi. Jasi ndiyo ile inayochimbwa Itigi, na ndiyo inayotengenezewa chaki nyingi za ubaoni, ingawa sisi tuliaminishwa shuleni kwamba chaki ni chokaa.

Kuliondoa gamba sasa. Acha waya. Jiwe lililoingia kwa asidi dhaifu hutoka kwa asidi iliyo kali kidogo kuliko hiyo. Mimina siki nyeupe mpaka ifunike gamba, ongeza maji kiasi hichohicho, pasha kidogo, acha saa moja. Utasikia kwanza, kabla ya kuona: sauti nyembamba ya kuchemka ilhali hakuna moto. Vipovu hivyo ni hewa ya ukaa ileile inayofunguliwa. Ndimu inafaa pia. Ukwaju, ambao Dodoma hatuukosi, nilidhani ungeshinda vyote kwa ukali wake, lakini asidi yake kuu, tatariki, ikishikana na kalsiamu hutoa chumvi nyingine isiyopenda kuyeyuka. Unaondoa gamba unaweka gamba. Asidi hiyohiyo imo kwenye zabibu, na ndiyo inayoacha fuwele ndogo chini ya chupa za mvinyo. Dawa ya choo usiiguse kabisa kwa chombo cha kunywea, na siki usiikutanishe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, maana inayotoka hapo ni gesi ya kuunguza mapafu.

Binamu alipoona birika linang'aa, alichukua siki iliyobaki akaimwagia ukuta wa uani uliopakwa chokaa. Nao ukachemka. Alishangaa, lakini ni mzunguko uleule: wachoma chokaa huliunguza jiwe la kabonati kwenye tanuri la nyuzi 900 hivi, kilo 100 zinatoa kilo 56 za chokaa hai, na kilo 44 zinapaa kama hewa ya ukaa. Chokaa hai ikitiwa maji inatokota yenyewe, ikizimika inapakwa ukutani, na ukuta unaanza kuinyonya hewa ya ukaa kutoka uani, siku hadi siku, mpaka unarudi kuwa jiwe. Mama mwenye nyumba alitoka akaona doa la maji kwenye ukuta wake, akauliza nani kamwaga nini hapo. Binamu alikuwa ameshaingia ndani.