Unachokijua Tayari Ndicho Kinachoongoza Jicho

Dhana: Asiyejua kitu hujifunza upesi, maana hana cha kumpotosha.

Wanasaikolojia Gregory Murphy na Paul Allopenna walichapisha jaribio lao mwaka 1994. Watu walipewa sifa za magari ya kubuni, wakatakiwa kuyapanga makundi mawili. Sifa ziliposhikamana (hili limetengenezwa Afrika, ni la kijani, hupita msituni, lile limetoka Norway, ni jeupe, hupita juu ya barafu) walijifunza haraka kuliko pale sifa zilipokosa mshikamano. Afrika yote msitu! Ucheke au unune, picha hiyo walikuwa nayo vichwani tangu zamani, na iliwasaidia. Kumbe maarifa ya awali hayahitaji kuwa sahihi ili yarahisishe kujifunza. Mwalimu anayefuta ubao akidhani na vichwa vya wanafunzi viko vitupu alikumbuke hilo.

Dhana: Ukishika sifa zenye maana, nyingine zote hukupita.

Nusu kweli. Mwaka 2011 ShinWoo Kim na Bob Rehder walifuatilia mwendo wa macho ya watu waliokuwa wakijifunza makundi mapya, wakaona macho yakikaa zaidi kwenye sifa zinazohusiana na yale wanayoyajua. Lakini kukaa zaidi hapa si kupofuka kule. Katika majaribio mengine ya aina hii, watu walijifunza pia sifa zisizohusiana kabisa na wazo lililowaongoza.

Dhana: Bingwa huona kila kitu.

Bingwa huona anachokitafuta, tena kwa kasi ya ajabu. Trafton Drew, Melissa Võ na Jeremy Wolfe walipachika picha ya gorila ndani ya picha za CT za mapafu (picha zinazoonyesha ndani ya mwili tabaka kwa tabaka), kisha wakawapa madaktari 24 wa radiolojia, yaani wasomaji wa picha kama hizo, watafute vinundu, vile vijivimbe vidogo vinavyoweza kuwa dalili ya saratani. Gorila huyo alikuwa mkubwa mara 48 kuliko kinundu cha kawaida. Madaktari 20 hawakumwona, na wengi wao macho yalitua palepale alipo.

Matokeo hayo ya mwaka 2013 hupenda kusimuliwa kama kichekesho juu ya wasomi. Wanaosimulia huacha kipande kimoja: watu wa kawaida, wasiojua lolote kuhusu picha za mapafu, walipewa kazi ileile. Hakuna hata mmoja wao aliyemwona gorila, na kwenye vinundu pia waliachwa mbali na madaktari.