Nyota Hazipimi Presha

"Ina nyota nne na nusu, dokta." Hivyo ndivyo wagonjwa wengi hunitambulisha kwa programu za afya walizopakua. Mimi huanzia kwingine.

Nikifundisha, huwaeleza wanafunzi kisa cha Instant Blood Pressure, programu ya Marekani iliyouzwa dola 4.99. Uliegemeza simu kifuani, ukafunika kamera kwa kidole, na kioo kikakuandikia presha yako. Kwa miezi kadhaa ilikuwa miongoni mwa programu 50 zilizonunuliwa zaidi kwenye iPhone. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins waliilinganisha na mashine za kawaida, na mwaka 2016 wakachapisha walichokiona: karibu watu wanne kati ya watano wenye presha ya juu waliambiwa hawana. Uchunguzi wao wa 2018 uliniuma zaidi. Wengi waliifurahia, ila waliopewa namba ya juu kuliko walivyotarajia hawakuifurahia sana kama wale waliopata namba inayokaribiana na matarajio yao. Huenda nyota zile zilikuwa shukrani kwa habari njema ya uongo!

Wataalamu wengi tunatumia MARS, kipimo cha ubora wa programu za afya za simu kilichotungwa Australia na kuchapishwa mwaka 2015. Kina maswali 23 kuhusu mvuto, utendaji, mwonekano, ubora wa taarifa na maoni ya mpimaji. Nakiheshimu, ila kina mwanya. Lipo swali linalouliza kama programu imewahi kufanyiwa utafiti. Ikiwa haijafanyiwa, swali huachwa bila alama na wastani haushuki. Programu ambayo haijajaribiwa popote inaweza kutoka na alama nzuri. Kwa hiyo jibu la swali hilo naliandika juu kabisa ya ripoti yangu, kabla ya wastani.

Kisha naijaribu. Naingiza presha ya 190 kwa 125, naongeza kwamba kichwa kinauma sana na macho yanaona ukungu. Ikinishauri nipunguze chumvi badala ya kunihimiza niende hospitali sasa hivi, nimemalizana nayo. Nazima data nione kama kumbukumbu zangu zinabaki. Naangalia pia ruhusa inazoomba: daftari la presha linatafuta nini kwenye namba za ndugu zangu? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, ya 2022, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Na mgonjwa akisisitiza kwamba simu yake inapima presha, tunapima wote wawili. Anakaa ametulia dakika tano, mashine mkononi, simu mezani, tunarudia mara tatu, na namba zote anaziandika mwenyewe.