Besi yenye rangi mbili si lazima iwe imepakwa upya

Wanamuziki wengi wa Mwanza wakikagua gitaa kuukuu la besi hutazama kwanza palipobanduka. Ikionekana rangi nyingine chini, husemwa limepakwa upya, na bei hushuka.

Mara nyingi ni kweli, ila si kila mara. Miaka ya 1960, kwa oda za rangi maalumu, kiwanda cha magitaa cha Fender, Marekani, wakati mwingine kilipulizia rangi juu ya mwili uliokwisha kupigwa sunburst (rangi angavu katikati inayokolea kuelekea kingo). Zilikuwa rangi za magari za DuPont. Vanishi ya juu hugeuka njano kwa umri, hivyo nyeupe huwa krimu na buluu huelekea kijani.

Mwambie mwenye mali, kisha fungua kava ya plastiki. Kwa unyevu wa ziwani skrubu hushika kutu, basi tumia bisibisi inayokaa sawasawa, la sivyo utaharibu vichwa. Chini yake, Fender za kabla ya mwishoni mwa 1964 huwa na matundu madogo ya misumari iliyotumika wakati wa kupulizia. Tundu lenye mbao tupu ni dalili njema; lililojaa rangi linaonyesha kazi ya baadaye.

Soma pia namba iliyo kwenye poti (kifaa cha ndani kinachozungushwa kurekebisha sauti): kwa mfano, 1376633 ni mtengenezaji CTS (137), mwaka 1966 (66), wiki ya 33. Hiyo ni tarehe ya poti tu, na solda ya nyaya zake ikiwa imeguswa, huenda poti ilibadilishwa, hivyo ushahidi huharibika. Namba ya bamba la shingo (kipande cha chuma nyuma, shingo inapoungana na mwili) isikutie imani sana. Bamba hushikwa na skrubu 4 tu, na huhamishika.