Sanders hakuibiwa na wajumbe wa cheo, tafadhalini

Juzi tena, Mkunguni pale mbele ya ngome, kijana mmoja ananiambia mbele ya wazee ati Bernie Sanders 2016 alinyang'anywa tiketi ya urais ya chama cha Democratic kule Marekani na wajumbe wa cheo, wakampa Hillary Clinton. Mimi kazi yangu ni kufundisha mawakala na makarani wa kura za mchujo hapa Lamu, mambo ya wajumbe nakula nayo nalala nayo, na hili neno nimelisikia hadi limenichosha.

Hesabu ni hii. Tiketi inatolewa na wajumbe kwenye mkutano mkuu wa chama. Wajumbe waliopatikana kwa kura, Clinton 2,205, Sanders 1,846. Sasa wale wa cheo, yani maseneta, magavana na wakubwa wa chama wanaoingia mkutanoni bila kupigiwa kura na mtu, watoe wote, Clinton bado yuko mbele kwa wajumbe 359, na kura za wananchi pia alimshinda kwa mamilioni. Basi, hilo limekwisha.

Linalonisumbua mimi ni lingine. Wale wa cheo walianza kutangaza wako na nani hata kabla kura ya kwanza haijapigwa, na televisheni zikawa zinawajumlisha na wale wa kura, mtu akiwasha anaona Clinton ametangulia kwa mamia. Wangapi walivunjika moyo wakabaki nyumbani? Hakuna karatasi ya matokeo inayoweza kuonyesha hilo, na kila nikifika hapo darasani nasita. Chama chenyewe 2018 kilibadilisha sheria, wa cheo hawapigi kura raundi ya kwanza isipokuwa mshindi awe tayari ameshajulikana.

Lakini kijana hakuridhika, akasema basi mwenye kura nyingi apewe wajumbe wengi, kuna ugumu gani? Hapo ndipo nilipoomba komwe za bao, manake hili watu hawalielewi kabisa na ndilo linaloamua mambo.

Nikapanga maeneo matatu, kila eneo wapiga kura mia. Mawili yana wajumbe wanne wanne, la tatu lina watatu. Chama cha Democratic kinagawa kwa uwiano, ukifika asilimia 15 unapata fungu lako. Eneo la kwanza Ali kapata 60, Badi 40. Wajumbe wanne mara asilimia 60 ni 2.4, Badi 1.6, unatoa wawili kwa Ali na mmoja kwa Badi, amebaki mmoja, anakwenda kwa mwenye baki kubwa ambaye ni Badi. Mbili kwa mbili! Ali kashinda kwa kura ishirini na hakupata komwe hata moja ya ziada. Kwenye wajumbe wanne mkiwa wagombea wawili lazima upite asilimia 62.5 ndio upate tatu kwa moja. Eneo la pili vile vile, mbili kwa mbili. Eneo la tatu Badi kapata 51, Ali 49, na kwa sababu wajumbe ni watatu, idadi ya witiri, Badi anachukua wawili. Haya jumlisha: Ali kura 169, Badi 131. Wajumbe, Badi sita, Ali watano. Yule kijana alizihesabu komwe mara mbili kwa kidole, akanyamaza.

Na hii si hadithi ya barazani. Jimbo la Nevada 2008, Clinton alimshinda Obama kwenye kokasi, yani ile mikutano ya wanachama ya kuchagua mgombea, lakini hesabu ya wajumbe ikatoka Obama 13 Clinton 12, sababu Obama alifanya vizuri huko nje ya Las Vegas. Watu wa Obama walikuwa wamekaa na ramani wakajua wapi wajumbe ni shufwa wapi ni witiri, wapi kura elfu moja zaidi ni bure na wapi kura kumi zinaleta mjumbe. Waliisoma sheria mapema, na ilikuwa wazi kwa kila mtu.

Republican, chama kile kingine, wana yao, majimbo mengine anayeongoza anabeba wote, Trump 2016 alichukua wajumbe wote 99 wa Florida bila kufika nusu ya kura. Ni kali, lakini iliandikwa kabla.

Mimi kinachoniudhi ni jimbo la Michigan 2008, kwa Democratic. Jimbo lilitanguliza tarehe yake kinyume cha sheria ya chama, likanyimwa wajumbe, Obama akatoa jina lake kwenye karatasi ya kura, Clinton akabakisha lake. Halafu mwezi Mei kamati ya chama ikakaa ikawarudisha wajumbe, kila mjumbe kwa nusu kura, Clinton 69, Obama 59. Hamsini na tisa za mtu ambaye jina lake halikuwepo! Nimejaribu miaka na miaka kupata hesabu ya kura inayotoa namba hio, haipo, ni maelewano tu. Na bado nikijiuliza mimi ningefanyaje siku ile sina jibu safi, manake kuwafungia nje watu wa jimbo zima nayo si haki.

Huku kwetu Kenya mgombea urais mara nyingi anapitishwa kwa makofi uwanjani Kasarani, Nairobi. Kura ya kweli kama ile ya chama cha ODM 2007, Raila, Mudavadi na Ruto, ni nadra. Vita vyetu viko kwenye orodha ya wajumbe. Mwaka mmoja nilisimamia mchujo wa chama kimoja, usiku nimekabidhiwa daftari la wajumbe nikalisaini, asubuhi kwenye boti analetwa mtu na daftari jingine, majina ya wadi mbili yamebadilika, wazee waliotoka Kiunga tangu alfajiri wanaambiwa hawamo. Mzee mmoja alinionyesha kadi yake ya chama ameifunga kwenye karatasi ya nailoni isirowe. Nilikosa la kumwambia.

Kwa hivyo wewe unayetaka tiketi 2027, hayo ya Sanders yaache. Kaombe daftari la wajumbe sasa hivi, wadi zote kumi za Lamu, lipigwe muhuri, na nakala ubaki nayo.