Macho ya bangoni na mtu wa miwani

Kila mwaka tukifika sura ya pili ya The Great Gatsby, riwaya ya F. Scott Fitzgerald ya 1925, mkono wa kwanza kunyooshwa darasani huja na jibu lile lile: "Mwalimu, yale macho ni Mungu." Nafundisha fasihi kidato cha tano na sita hapa Dar es Salaam, na najua jibu hilo linatoka wapi. Mtoto aliyefika shuleni kwa daladala iliyoandikwa nyuma "Mungu anaona" hahitaji kuelezwa na mtu. Hata hivyo nampa nusu ya alama, namwomba afungue tena ukurasa.

Tuyatazame yenyewe. Ni macho ya buluu, makubwa mno, retina zake tu zina urefu wa yadi moja. Hayana uso, yamevaa miwani ya manjano iliyokalia pua ambayo haipo. Ni bango la Dokta T. J. Eckleburg, daktari wa macho aliyetaka wateja wa Queens, wilaya ya jiji la New York, kisha ama alifariki ama alihama akalisahau. Jua na mvua vimeichuja rangi. Chini yake kuna bonde la majivu, na lilikuwapo kweli: Corona, huko Queens, palimwagwa majivu ya Brooklyn, mahali ambapo leo ni bustani ya Flushing Meadows. Mwanafunzi anayeishi karibu na dampo la Pugu Kinyamwezi huuelewa ukurasa huo upesi kuliko nilivyouelewa mimi.

Sasa, nani hasa anayesema macho yale ni Mungu? Si Nick, msimulizi. Ni George Wilson, mwenye gereji, alfajiri baada ya mkewe Myrtle kugongwa na gari la manjano na kufa. Amesimama dirishani akimsimulia jirani yake Michaelis jinsi alivyomwonya mkewe: mimi unaweza kunidanganya, Mungu huwezi. Michaelis anafuata anakoangalia mwenzake, anashtuka. Anamwambia, lile ni tangazo.

Hapo huwa nasimamisha somo. Matajiri hupita kwa Wilson kuweka mafuta na kuondoka. Tajiri mmoja, Tom Buchanan, anatembea na mke wa Wilson huku akimpiga kalenda Wilson kuhusu gari atakalomuuzia. Gari lililomuua Myrtle halikusimama. Katika kitabu kizima hakuna anayemtazama mtu huyu kama mtu, isipokuwa jirani mmoja, basi anatafuta shahidi, na kitu pekee kilichokuwa kikielekea upande wake miaka yote ni ubao uliopakwa rangi. Watu wetu wakikata tamaa na haki ya binadamu husema Mungu si Athumani. Wilson naye amekata tamaa, ila amekabidhi kesi yake kwa bango. Anakwenda kumuua Gatsby, tajiri mwenye gari lile la manjano, ambaye hakuwa hawara wa Myrtle wala hakushika usukani. Aliyeendesha ni Daisy, mke wa Tom. Kisha anajiua. Macho yalikuwa wazi usiku wa ajali, na hayakumwambia lolote.

Ndiyo maana nawapeleka wanafunzi kwenye miwani nyingine, ambayo wengi huiruka. Kuna mtu mmoja wa makamo, mnene, mlevi, ambaye Nick anamwita Macho ya Bundi. Kwenye karamu ya Gatsby, wageni wenzake wananong'ona kwamba mwenyeji wao aliwahi kuua mtu. Yeye yumo maktaba ya nyumba hiyo, anachomoa kitabu rafuni kuhakikisha kama ni cha kweli. Kwetu bundi ni ndege wa msiba, na darasa langu halisahau jina hilo, kwa sababu mamia waliokula na kunywa kwa Gatsby hawakuja kumzika, na huyu alikuja.

Mvua inanyesha makaburini. Anapoambiwa kwamba hakuna mwingine aliyefika, hataki kuamini, walikuwa wakijaa pale kwa mamia. Anavua miwani yake, anaifuta nje na ndani, na anamhurumia marehemu kwa tusi moja fupi.