Kipimo cha kitako: bunduki inapomkaa askari, na inapomkataa

Kipimo cha kitako ni umbali kutoka kwenye triga hadi mwisho wa kitako, pale bunduki inapokaa begani. Kinapimwa kwenye bunduki, lakini anayekihisi ni askari, kwa mkono wake, bega lake na shingo yake.

Vijana wanaoingia chuo cha kijeshi Monduli, au shule ya polisi Moshi, hawalingani kimo. Fundi cherehani hakati kitambaa cha gwanda kabla ya kumpima mtu kwa futi kamba. Bunduki, katika majeshi mengi, imetengenezwa kwa saizi moja.

Mwenye mikono mifupi akipewa kitako kirefu, uzito wa mtutu humvuta mbele, naye hujipinda kwenda nyuma ili asiyumbe. Shavu halitulii kwenye kitako. Kidole hufika kwenye triga kwa ncha tu, na akivuta, mtutu husogea pembeni. Mwenye mikono mirefu na kitako kifupi hubanana: pua iko karibu na kidole gumba, na bunduki ikirudi nyuma humpiga usoni.

Shavu ndilo linaloshika jicho mahali pamoja, risasi baada ya risasi. Chukua bunduki ambayo sehemu zake mbili za kulengea zimeachana sentimita 50. Zikipishana na jicho kwa milimita 1 tu, risasi hukosea sentimita 20 kwenye shabaha iliyo mita 100. Kwa hiyo naona ni kumwonea kuruta kumwambia hana shabaha kabla ya kutazama shavu lake limekaa wapi.

Jambo hili si geni. Lee-Enfield, bunduki waliyobeba askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, ilikuwa na vitako vya urefu mbalimbali. Kifupi kuliko vyote kiliitwa Bantam, jina la vikosi vya Waingereza wafupi wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Baadaye Wamarekani walipotengeneza bunduki ya M16A2 miaka ya 1980, walirefusha kitako kwa takriban sentimita 1.6. Warefu walifaidika, wafupi wakateseka. M4 iliyofuata ina kitako cha kuvuta na kusukuma, kila mtu akaweka kinachomfaa.

Unene wa mshikio na upande ambao maganda ya risasi hurukia navyo vina athari, hasa kwa wenye mashoto.

Kupima ni rahisi. Bunduki ikiwa haina risasi, kunja kiwiko kama herufi L, weka mwisho wa kitako kwenye mkunjo wa mkono, kisha uone kama kidole cha shahada kinafika vizuri kwenye triga. Pima ukiwa umevaa utakachovaa kazini: fulana ya kuzuia risasi, au jaketi nene la baridi ya Julai kule Monduli, hulisogeza bega mbele, na kitako kilichokutosha jana kikawa kirefu.