Kwa nini ukiwasha taa, mshale wa joto unapanda?

“Fundi, gari inachemsha.”

“Inachemshia wapi? Mlimani?”

“Hapana. Nikiwasha taa.”

Gereji nzima ilicheka, na mwenye gari akacheka pia, ila kwa shingo upande. Hapo ni Unga Limited, Arusha, saa kumi na moja jioni. Gari lenyewe ni pikapu ya Land Cruiser iliyokatwa, ikarefushwa, ikaezuliwa paa na kuwekewa jingine la kufunguka, ili wageni wasimame na kamera zao wakifika porini. Mwenye gari ni shemeji yangu. Alikuwa ameshabadilisha themostati, amezibua rejeta, amenunua na mfuniko mpya wa rejeta, na bado kila jioni akiwasha taa zile mbili za juu ya paa, mshale wa joto unasogea kuelekea kwenye nyekundu. Akizizima, unarudi. Cha ajabu zaidi, mshale wa mafuta nao ulikuwa unapanda. Gari linachemka na kujijazia dizeli kwa wakati mmoja.

Fundi hakufungua hata boneti. Alimwambia tu awashe na kuzima mara tatu, akaangalia mishale inavyoruka, kisha akasema, “Kaka, maji hayapati moto kwa sekunde moja.”

Ukielewa sentensi hiyo umeshapona gharama nyingi. Injini ya dizeli ya silinda sita imebeba lita nyingi za maji, nayo yamezungukwa na chuma kizito. Joto lake hupanda kwa dakika, halipandi kwa kubonyeza swichi. Ukiwa unapanda ule ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu na mshale unajivuta taratibu kwenda juu, uamini, simama, acha injini ipoe, na usiguse mfuniko wa rejeta ukiwa wa moto. Lakini mshale unaoruka pamoja na swichi hausemi habari za maji. Unasema habari za umeme.

Umeme gani sasa? Hapa inabidi tuanzie kwenye jambo ambalo wengi tunaoendesha magari hatujawahi kuliwaza: taa ya gari ina waya mmoja tu unaokwenda. Nyumbani umeme huletwa na waya mmoja na kurudishwa na mwingine. Kwenye gari, waya huleta umeme kutoka upande chanya wa betri, na kazi ya kuurudisha wameachiwa chesi, bodi na injini, vyuma vyote vile. Upande hasi wa betri umefungwa kwenye bodi, basi kila kitu kinachotumia umeme kinatafuta bodi iliyo karibu na kujishikiza hapo. Watengenezaji walifanya hivyo kwa sababu shaba ni ghali, na chuma cha gari kipo tayari, cha bure. Ndiyo maana mafundi wetu wakisema “bodi” au “ethi” wanamaanisha njia hiyo ya kurudia. (Zamani hata upande wenyewe ulikuwa tofauti. Land Rover za Uingereza, hadi miaka ya 1960, upande chanya ndio uliofungwa kwenye bodi. Ukikuta moja bado inatembea, usiichomekee redio ya kisasa kabla hujauliza.)

Njia ya kurudia haina heshima. Waya wa kupeleka umeme una fyuzi, una rangi yake, umepitishwa vizuri. Wa kurudisha hufungwa popote palipo na nati.

Fikiria mtaro wa mtaa wakati wa masika. Nyumba tano zinamwaga maji kwenye mtaro mmoja, na kwa mbele huko takataka zimeuziba nusu. Ukimwaga ndoo moja, hakuna shida, yanapita polepole. Jirani mwenye tangi kubwa akifungulia la kwake, maji yanajaa, yanarudi nyuma, yanapanda mlangoni kwako, na wewe hukumwaga kitu. Umeme hufanya vilevile. Vifaa vitano vikitumia waya mmoja wa bodi, na waya huo umelegea au umeshika kutu, kifaa kimoja kikubwa kikiwashwa kinapandisha “maji” kwa wote. Kipimo cha kupanda huko ni volti.

Hesabu yake ni rahisi. Taa mbili za wati 55 ni wati 110. Gawanya kwa volti 12, unapata kama ampea 9. Ampea 9 zikipita kwenye kiungo chenye ukinzani (yaani ugumu wa kupitisha umeme, na kipimo chake ni omu) wa omu 0.1 tu, kitu kidogo mno, volti 0.9 zinabaki hapo. Maana yake dashibodi yote, ambayo ilitakiwa kuwa sawa na bodi, sasa imenyanyuka karibu volti moja juu yake. Na kuna joto: kama wati 8 zinaungua kwenye nati moja.

Geji ya joto, yaani kile kipimo chenye mshale, inapimaje? Kwenye injini kuna sensa ndogo iliyofungwa kwa hesi, kama skrubu, ndani ya chuma. Ikipata moto, ukinzani wake unashuka. Ndani ya geji kuna koili zinazouvuta mshale huku na huku kwa kulinganisha waya wa sensa na waya wa bodi. Geji haijui joto hata kidogo. Inajua tofauti tu kati ya nyaya hizo mbili. Ni kama mtu anayepima kina cha kisima kwa kamba akiwa amesimama ukingoni: ukimnyanyua juu ya stuli bila yeye kujua, atakwambia kisima kimeongezeka kina. Sensa imesimama kwenye injini, haijasogea. Geji ndiyo iliyonyanyuliwa. Inaona ukinzani wa sensa kama umeshuka, na kwake ukinzani ukishuka maana yake ni moto.

Na mafuta? Boya lililo ndani ya tangi linafanya mchezo uleule. Geji nyingi za kununua na kufunga mwenyewe, za mtindo wa Marekani, zimepangwa kwa boya la omu 240 tangi likiwa tupu na omu 33 likijaa. Ukinzani mdogo, mafuta mengi. Kwa hiyo udanganyifu uleule uliosema “moto” kwenye geji ya kwanza unasema “yamejaa” kwenye ya pili. Zipo nyingine, za mtindo wa Ulaya, za omu 10 tupu na 180 likijaa, na hizo zingeshuka badala ya kupanda. Ndiyo maana ukibadilisha geji bila kubadilisha boya, au kinyume chake, unaweza kuweka mafuta hadi shingoni na mshale ukalala chini, au ukakaa katikati mwezi mzima. Watu wengi Arusha wamefungua tangi bure kwa sababu hiyo. Kabla hujafungua, linganisha omu za boya na zile zilizoandikwa kwenye karatasi ya geji.

Sasa kwa nini tatizo hili linapenda magari yaliyofanyiwa mapambo kuliko yaliyotoka kiwandani? Nilipoinama na tochi chini ya dashibodi ya shemeji nilielewa. Dashibodi ilikuwa ya mninga, imepigwa vanishi hadi unajiona sura, na geji tano za duara zimepangwa kama shanga. Nzuri kwa kweli, sitaki kumnyima seremala haki yake. Ila mbao haipitishi umeme. Kwa hiyo aliyefunga nyaya, na si fundi huyu, alichukua waya mmoja mwembamba mweusi na kuurusha kutoka geji hadi geji, ukapita na kwenye soketi za kuchajia simu, kwenye friji la vinywaji, na mwisho zile taa za paa nazo zikarudishwa humohumo, kwa kuwa paa jipya ni la faiba na halina chuma cha kujishikiza. Nyumba tano, mtaro mmoja. Waya huo ukaishia kwenye bolti moja pembeni, karibu na goti la abiria.

Na bolti hiyo ilikuwa imefungwa juu ya rangi. Gari likirefushwa lazima lipakwe rangi upya, na rangi ni kizuizi cha umeme. Kilichokuwa kinapitisha ni zile hesi za bolti tu, zilizokwaruza njia kidogo. Ongeza vumbi, maji ya mashine ya kuoshea magari, na ile changarawe ya mawimbi kutoka Ngorongoro kwenda lango la Naabi inayotikisa mpaka meno, nati inalegea yenyewe bila mtu kuigusa.

Shemeji aliuliza swali zuri: mbona fyuzi haikukatika? Haikukatika kwa sababu fyuzi hulinda dhidi ya umeme kuzidi, kama kwenye shoti. Kiungo kibovu cha bodi kinapunguza umeme. Taa zinafifia kidogo, fyuzi inaona mambo shwari. Kwa hiyo mtu akikwambia suluhisho ni kutoa fyuzi ya buluu ya ampea 15 na kuweka ya kijani ya ampea 30, mshukuru na uondoke na gari lako. Atakuwa hajarekebisha kitu, na siku shoti ya kweli ikija, kitakachokatika ni waya, tena kwa moto.

Hata mita ya kupimia umeme inadanganyika. Ukiweka kwenye omu na kupima kutoka geji hadi bodi wakati kila kitu kimezimwa, itakuonyesha karibu sifuri, safi kabisa. Mita inapitisha umeme mdogo sana, na uzi mmoja wa shaba uliobaki unatosha kuuridhisha. Uzi huohuo ukibebeshwa ampea 9 unalia. Kiungo hiki lazima kipimwe kikiwa kazini.

Fundi alifanya hivi. Aliweka mita kwenye volti za betri, akashika ncha nyeusi kwenye kichwa hasi cha betri, na nyekundu kwenye mguu wa bodi nyuma ya geji, ule wenye herufi G. Taa zikiwa zimezimwa, mita ilisoma 0.04. “Washa.” Ikasoma 1.1. “Ongeza friji.” 1.5. Kwenye bodi nzuri, hata kila kitu kikiwaka, hutakiwi kuona zaidi ya 0.2 hivi.

Kama huna mita, uko porini na jua linazama, chukua kipande kirefu cha waya mnene. Gusisha upande mmoja kwenye mguu huo wa G na mwingine kwenye kichwa hasi cha betri, taa zikiwa zinawaka. Mshale ukianguka papo hapo, umempata mwizi. Hakikisha tu ni hasi kweli, na mguu wenyewe ni wa bodi kweli. Waya huo ukikosea na kuunganisha chanya na bodi, utaona cheche ambazo hutazisahau.

Matengenezo yalichukua muda mfupi kuliko maelezo yangu. Walifungua kichwa hasi cha betri kwanza, maana spana nyuma ya dashibodi yenye umeme haichelewi kuleta balaa. Bolti ilipotoka, plastiki ya waya karibu na nati ilikuwa imegeuka kahawia na kukakamaa kama ganda la muhogo uliokaushwa. Fundi alikwangua rangi kwa msasa hadi chuma kikang’aa, akaweka washa yenye meno, akakaza, akapaka grisi juu kuzuia maji. Kisha akavuta waya mpya mnene wa bodi kwa ajili ya geji peke yake, na mwingine kwa ajili ya taa za paa na friji, ili wasikutane tena njiani.

Dalili za ndugu wa tatizo hili utazikuta kwingine. Unapiga indiketa na taa ya breki inakonyeza nayo: bodi ya taa za nyuma. Unawasha taa kali na alama ya indiketa inawaka kwa mbali: umeme umekosa njia ya kurudia, unapita kwa jirani. Mbaya kuliko zote ni ule mkanda wa kuunganisha injini na chesi. Injini imekalia mpira, kwa hiyo bila mkanda huo haina bodi, na stata ya dizeli inakunywa ampea mamia. Zitapita popote, hata kwenye kebo ya pedali ya mafuta, na kuna watu wamewahi kuikuta ya moto bila kujua kwa nini.

Giza lilikuwa limeshaingia walipofunga betri. Shemeji aliwasha taa za paa, akawasha friji, akachomeka na simu. Mshale wa joto haukutikisika. Akatabasamu, halafu akasogeza uso karibu na geji ya pili. Usiku uliopita, taa zikiwaka, alikuwa ameiona nusu tangi na kuipita sheli bila kusimama. Sasa ilikuwa chini ya robo.

“Fundi,” akasema, “na mafuta yameenda wapi?”